Mchana Si Ng'ombe

Mwaka ule wa vita, kila kitu chenye magurudumu kilikwenda mpakani. Gari la wilaya lilikwenda. Lori la ushirika lilikwenda. Hata tela la trekta la kijiji chetu, ambalo trekta lenyewe lilishakufa siku nyingi, walikuja kulivuta, na sisi tukasimama barabarani tukalipungia mikono kama vile linakwenda kupiga bunduki. Bugarama tukabaki na baiskeli zisizo na matairi, na farasi mmoja.

Farasi huyo alikuwa wa padri mmoja mzee aliyekuwa akimpanda kwenda kusomea misa vigango vya milimani. Padri aliugua, akarudi kwao Ulaya, akakiachia kijiji mnyama. "Mtunzeni," alituambia. Sasa sisi tunajua kutunza mnyama wa aina moja tu. Tukampa jina Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi ya kahawia. Tukamlaza kwenye zizi la kijiji. Jioni tukamwashia moto wa moshi wa kufukuza inzi, tukamnywesha maji ya chumvi, asubuhi akatoka na ng'ombe wenzake, na mchungaji akamfuata kwa nyuma na fimbo. Ilipopita miezi kadhaa Bihogo akawa hakimbii tena. Alitembea taratibu, tumbo mbele, kama ng'ombe aliyeshiba. Kilichomshinda ni kucheua tu, na nadhani alijaribu.

Aliyemtaka farasi huyu alikuwa Verediana, nesi wa zahanati yetu. Kwao ni Nyamiaga, alikuja Bugarama kwa kazi akaolewa hapahapa na Ansbert, na Ansbert naye alikuwa ameondoka na mgambo kwenda vitani. Verediana hakuwa mtu wa maneno mengi, ila macho yake yalikuwa hayapitwi na kitu. Ungeingia zahanati umefunika kikohozi kwa tabasamu, angekuambia, "Kaa hapo, vua shati."

Kilichokuwa kinamnyima usingizi ni Kabuye. Kabuye ni kilima kilicho mbele yetu. Paa zake unaziona, mbwa wake unawasikia, lakini katikati kuna bonde lenye majimaji na mafunjo, na kwa miguu ukiondoka alfajiri unafika mchana, ng'ombe wako mtoni wanakunywa. Masika yaliyotangulia aliitwa huko kwa mama aliyekuwa anatoka damu. Alikwenda mbio. Alipofika, alikuta wanawake wamekaa chini nje ya nyumba, nguo zimefungwa viunoni, hakuna anayeteka maji. Akajua bila kuambiwa kwamba amechelewa.

Na sasa, kwenye kilima hichohicho, kulikuwa na Dafroza, mimba yake inaelekea mwisho. Uzazi uliopita kondo la nyuma lilikwama, akatoka damu karibu afe. Verediana alimwomba aje akae Bugarama, karibu na zahanati, mpaka ajifungue. Mama mkwe akakataa. Kwao mtoto anazaliwa chini ya paa la baba yake, na mwanamke mwenye mimba kubwa hahamishwi nyumba. Dafroza mwenyewe akatazama chini. Basi ikabaki jambo moja: siku ya uchungu, ama Verediana anafika mapema, ama anakuta tena nguo zimefungwa viunoni.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Matiasi.

"Ndugu mwenyekiti, padri alikuwa anakwenda Kabuye kusoma misa, na chakula cha mchana anakula hapa. Nipeni yule farasi."

Matiasi akajikuna shingo. "Mimi sina neno, Mama Nesi. Lakini hili ni la mkutano."

Mkutano ukaitwa. Bibi Benedicta, ambaye kwenye mikutano yetu alikuwa haombi nafasi ya kusema, anaichukua tu, akasimama akiegemea jembe.

"Mwanamke hapandi mnyama," akasema. "Mwanamke hapandi juu ya nyumba, na hapandi mnyama. Akikaa juu ya mgongo wake maziwa yanakauka. Siyo ya huyo mmoja tu, ya zizi zima."

Watu wakaguna. Wakati ule sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi yenyewe kwa foleni. Ukiondoa na maziwa, tunabaki na hotuba.

"Shikamoo bibi," akasema Verediana.

"Marahaba. Lakini usinilainishe."

"Sikulainishi. Nauliza tu. Bihogo ni ng'ombe?"

"Analala na ng'ombe, anakula na ng'ombe. Wewe unamwonaje?"

"Basi kesho asubuhi mkamueni, nitakuja na kikombe."

Bihogo alikuwa dume. Kicheko kilichotoka pale kiliwatisha kuku. Mzee mmoja akaanza kueleza kwamba kwao kuna dume aliyewahi kutoa maziwa, akaambiwa akae. Lakini Bibi Benedicta hakucheka, na wengi walikuwa upande wake, maana kama si ng'ombe anafanya nini zizini? Na tukimtoa zizini atalala wapi? Tulishajaribu kumlaza peke yake, akalia kwa namna iliyomtoa balozi wa nyumba kumi nje na upanga.

Matiasi akawaza. Kuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa ilikuwa ni kazi ya kutafuta njia kati ya agizo la wilaya na uso wa bibi kama Benedicta. Akasimama.

"Ndugu wananchi. Uamuzi ni huu. Jua likishachomoza mpaka linapozama, Bihogo si ng'ombe. Usiku atarudi zizini kama kawaida."

"Na maziwa?" akauliza Bibi Benedicta.

"Tunakamua asubuhi kabla hajaacha kuwa ng'ombe. Na jioni tunakamua akisharudi."

Bibi Benedicta akalitazama neno hilo huku na huku, akakosa mahali pa kulikamata. Akakaa.

Ikabaki mwalimu. Tukanyoosha mikono kumchagua Mzee Celestini, tena bila kumuuliza sana. Celestini alikuja kwetu mwaka sabini na mbili kutoka Burundi, yeye na mke wake na mkeka, akapewa shamba la migomba pembezoni. Tulijua huko kwao alifanya kazi kwa mzungu wa kahawa mwenye farasi. "Farasi nimekuwa nao," alikuwa akisema, kisha anabadilisha mazungumzo. Ilitutosha.

Somo la kwanza lilifanyika kiwanja cha shule. Verediana alikuja amevaa suruali ya Ansbert chini ya gauni lake la kazi, ameifunga kiunoni kwa kipande cha kitenge. Alikuwa binti wa wafugaji, basi akafanya kama alivyolelewa. Akapita nyuma ya Bihogo, akapiga mluzi mdogo, akainua mkono kumpiga kofi la matako.

"Toka huko!" Celestini akapaza sauti mpaka tukashtuka, maana hatukujua kama anayo. "Toka, mwanangu! Huyu hapigwi kwa nyuma, atakuvunja mbavu. Njoo kichwani. Ng'ombe unamfuata. Huyu ndiye anakufuata wewe."

"Anifuate mimi? Mimi najua ninakokwenda?"

"Ujue. Usipojua atajua yeye, na yeye anajua zizi tu."

Tandiko la padri lilikuwepo bado, ila kikuku kimoja cha kuwekea mguu kilikuwa kimekatika, tukafunga kamba ya katani. Verediana akapanda kwenye dawati, kutoka dawatini akapanda mgongoni, akakaa, akashika shingo kwa mikono miwili. Sote tukasubiri aseme neno.

"Bati la zahanati limetoboka kule nyuma," akasema. "Ndiyo maana kabati linaloa."

Celestini akafundisha. Hakuwa na fimbo, alitembea tu ubavuni ameshika kamba, na maneno yake yalikuwa machache, yaleyale. "Usimtazame masikio, tazama mbele. Mikono chini. Hizo ni hatamu, usizivute kama unavuta ndoo kisimani. Pumua, mwanangu. Ukibana pumzi na yeye anabana."

Verediana alipumua. Bihogo alisimama. Celestini alivuta kamba, Bihogo alisimama. Ndipo ng'ombe wa kijiji wakapita kwenda malishoni, na Bihogo akageuka, akajipanga katikati yao na nesi wetu mgongoni, akaondoka taratibu. Njia nzima watu walimsalimia.

"Mama Nesi, leo zamu yako kuchunga?"

"Sichungi. Nakwenda kunywa maji na wenzangu."

Alirudi mchana kwa miguu, na kwa siku kadhaa alitembea kama bata. Wagonjwa wakawa wanampa pole kabla yeye hajawapa. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua zahanati, alikuwa kiwanjani. Alianguka kwenye matuta ya viazi ya Bibi Benedicta, na bibi akatoka nje, akayatazama yale matuta, akamtazama yeye.

"Umeniharibia. Lakini hapo umelima vizuri," akasema, akamsaidia kuinuka.

Polepole Bihogo akaanza kukumbuka kazi aliyoifanya enzi za padri. Celestini akitangulia, alimfuata. Celestini akizungumza naye Kirundi, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, masikio yake yalimgeukia. Wakafika mpaka kisimani, wakafika mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji. Hapo ndipo ulikuwa mwisho. Bila Celestini mbele yake, Bihogo alikuwa akifika nyumba ya mwisho anageuka nyuma na kulia kuwaita ng'ombe, na hapakuwa na visigino wala maombi ya kumsogeza. Verediana alirudi nyumbani siku hizo amekunja uso, anahesabu mwezi wa Dafroza.

Na kulikuwa na jambo jingine aliloliona yeye, sisi hatukuliona.

"Mzee," alimwambia Celestini asubuhi moja, "panda kidogo wewe nikuone unavyofanya. Nikiona nitaelewa haraka."

"Goti, mwanangu. Leo goti linaniuma."

Wiki iliyofuata akamwomba tena. Ikawa mgongo. Alipoomba mara nyingine Celestini akasema amekula maharage. Verediana hakubisha. Lakini alimtazama jinsi anavyoweka lile tandiko, anavyolilaza na kulipapasa kwa viganja vyote viwili, kisha anarudi nyuma hatua moja na kuficha mikono kama mtu aliyekutwa anagusa cha wenyewe.

Uchungu wa Dafroza haukusubiri somo liishe. Asubuhi moja, ng'ombe ndiyo kwanza wanatoka zizini, akaja Felisiani, mume wake, ametembea usiku, ana matope mpaka mapajani.

"Umeanza tangu jana jioni," akasema, akihema. "Na damu imeanza kuonekana."

Verediana akachukua mkoba wake wenye ile sindano ya kuzuia damu, akajifunga suruali, akapanda bila dawati. Walipofika nyumba ya mwisho, Bihogo akasimama, akainua kichwa, akalia. Kule nyuma ng'ombe mmoja akamjibu.

"Mzee!" akaita Verediana.

Celestini alikuwa ameshafika, anakuja mbio za kizee. Akashika kamba, akatangulia, na Bihogo akamfuata. Wakateremka bonde. Kwenye majimaji pana magogo yaliyolazwa juu ya mafunjo, na padri alikuwa akishuka farasi hapo. Verediana hakuweza kushuka. Alijua akishuka Bihogo atadhani somo limekwisha na hatakubali kusogea. Celestini akageuka, akatembea kinyumenyume juu ya magogo, akimsemesha Bihogo usoni, mguu kwa mguu, mpaka ng'ambo. Felisiani nyuma yao alikuwa anasali kwa sauti.

Kisha kikaanza kilima. Chini kabisa ya mwinuko Celestini akasimama, akashika kifua, akakaa juu ya jiwe.

"Nendeni," akasema. "Pumzi imekwisha."

Verediana akasukuma kwa visigino. Bihogo akasimama mbele ya mzee, akamnusa kichwa. Felisiani akavuta kamba, Bihogo akarusha kichwa na kurudi nyuma, huyu hakumjua. Kwa miguu, kutoka pale ilikuwa bado nusu ya safari, na nusu iliyobaki yote inapanda.

"Panda, mzee," akasema Verediana.

"Hapana."

"Panda nyuma yangu. Useme naye ukiwa juu."

"Mwanangu, mimi sijawahi."

"Hujawahi nini?"

Celestini akatazama majani. "Kumkalia. Nilikuwa nashika kamba. Mzungu alikuwa anamfundisha binti yake, mimi nimesimama katikati na kamba, nasikia. Tazama mbele, mikono chini, pumua. Miaka nasikia. Kumkalia hapana. Mwenzangu mmoja alimkalia Jumapili, wenyewe wako kanisani. Jumatatu hatukumwona tena."

Felisiani alikuwa akiruka mguu huu na huu kwa wasiwasi. Verediana akavuta pumzi.

"Kwa hiyo yote uliyonifundisha, hujui kama ni kweli?"

"Ninajua yule binti hakuanguka."

"Mimi nimeanguka!"

"Wewe ulikuwa husikilizi."

Hapo Verediana alicheka, hakutaka, kikamtoka tu. Kisha akanyoosha mkono chini.

"Mzee, huyu hana mwenyewe. Ni wa kijiji, na wewe ni wa kijiji. Simama juu ya hilo jiwe."

Celestini akasimama juu ya jiwe. Felisiani akaingiza bega chini ya matako yake, akasukuma kama anayepakia gunia la kahawa, na mzee akatua nyuma ya tandiko, macho yamefumbwa.

"Nishike."

"Wewe ni mke wa mtu."

"Ni mke wa mtu aliye vitani, na mke wa huyu hapa anatoka damu. Shika!"

Akashika. Akafungua jicho moja, kisha la pili. Na kutoka juu pale, kwa Kirundi, akamsemesha Bihogo. Masikio yakageukia nyuma. Bihogo akaanza kupanda. Felisiani, asiyejua kwamba farasi hafuatwi kwa nyuma, akaokota fimbo, akawafuata akipiga kelele kama anayewahisha ng'ombe nyumbani kabla ya mvua, na Bihogo, sijui kwa mazoea ama kwa woga, akakimbia. Alikimbia! Mkoba unarukaruka, gauni linapepea, mzee anaita watakatifu wa nchi mbili.

Walipotokea juu, kitu cha kwanza Verediana alichotazama ni wanawake. Mmoja alikuwa amebeba mtungi. Mwingine alikuwa anachochea moto. Walikuwa wamesimama, wanakwenda na kurudi. Akateleza chini, akaingia ndani mbio.

Mtoto alikuwa ameshatoka. Kondo lilikuwa limekwama kama mara ile, na kitambaa chini ya Dafroza kilikuwa kimeloa chote. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mama mkwe alikuwa ameshika kichwa cha mkwe wake mapajani, na hakuwa tena na neno la paa la nani.

"Maji ya moto," akasema Verediana. "Na taa, sogezeni."

Alichoma sindano. Alisugua tumbo, akangoja, akasugua tena. Mwishoni akanawa mpaka viwikoni na kufanya kwa mkono kile alichofundishwa akaomba asikihitaji. Dafroza alilia mara moja, kilio kirefu. Kisha kondo likatoka zima. Verediana akalitandaza, akalikagua pande zote, akaendelea kukandamiza tumbo mpaka damu ikapungua, ikawa ya kawaida. Alikaa hapo amemshika Dafroza mkono, anahisi mshipa, mpaka alipomwona anafumbua macho na kuuliza kama ni mvulana au msichana.

"Msichana. Ana mapafu, hilo umelisikia mwenyewe."

Alipotoka nje jua lilikuwa limeshapinduka. Alinawa, akajinyoosha mgongo, akatazama uwanja. Katikati ya uwanja alikuwa Bihogo, anatafuna maganda ya ndizi. Na juu yake, amesogea mbele mpaka kwenye tandiko, amekaa Mzee Celestini. Watu wa Kabuye walikuwa wamemzunguka. Mtu alikuwa amempa kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija, anakunywa huko huko juu. Vijana walikuwa wanampa shikamoo huku wametazama juu, na yeye akiitikia "marahaba" kwa upole, kama mtu aliyezoea.

"Mzee! Bado uko huko?"

"Mama yuko salama?" akauliza Celestini.

"Yuko. Amekunywa uji."

Celestini akafunga macho kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akamrudishia mwenye kibuyu kibuyu chake.

"Tumemletea kiti ashuke," akasema Felisiani, ambaye uso wake ulikuwa umelowa na hakujali nani anaona. "Kiti kizuri. Amekataa."

Verediana akasogea karibu, akapunguza sauti ili wengine wasisikie. "Ni kushuka, siyo? Hatukulifikia hilo somo. Toa mguu huu, upitishe nyuma, mimi nakushika."

"Kushuka najua, mwanangu. Yule binti nilikuwa namshusha mimi kila siku." Akaweka kiganja juu ya shingo ya Bihogo na kukiacha hapo. "Nimekaa tu."

Verediana akamtazama. Kiti kilikuwa palepale, cha miguu mitatu, kimefutwa vumbi. Akakivuta, akakaa yeye, akanyoosha miguu yake iliyokuwa inamuuma kuanzia nyonga mpaka vidole.

"Basi kaa," akasema. "Mimi nina mgonjwa wa kumwangalia mpaka jioni. Hatuna haraka."